Vilimi Vitatu Kwenye Msumari wa Zapryan

Ndugu, majirani, na ninyi mliopanda mlima kutoka mbali kuja kumsindikiza: huyu tunayemlaza leo, Jumatano tarehe 11 Oktoba 2023, ni Zapryan Manolov Chaushev, fundi wa gaida, zumari ya mfuko, wa kijiji chetu cha Slavetino. Dada yangu Rumena, mjane wake, ameniomba niandike maisha yake kwa sababu mimi Stamen nilikuwa shemeji yake, nimemjua miaka hamsini na minne, na katika waliobaki mwenye mwandiko mzuri ni mimi. Padri amenipa dakika kumi. Nitajitahidi, ingawa Zapryan mwenyewe alipenda nyimbo ndefu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1948, hapa hapa Slavetino, mkoa wa Smolyan, katika nyumba ya mawe iliyo juu ya chemchemi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa Manol Chaushev, mchungaji wa kondoo wa kijiji, na mkewe Velika. Theluji ilikuwa imefika madirishani, na mkunga alibebwa mgongoni na Manol kutoka ng'ambo ya mto. Alimkagua mtoto vidole vya mikono na vya miguu, akatangaza kwamba hakuna kilichopungua. Alikosea, ila hakuna wa kumlaumu. Ndani ya moyo wa kile kitoto, ile vali ambayo damu hupitia ikitoka kwenda mwilini, ambayo kwa wengi wetu ina vipande vitatu vya kufungua na kufunga, yake ilikuwa na viwili tu. Ilichukua miaka sitini na mmoja mtu kuliona hilo. Katika miaka hiyo marehemu alipanda milima yote mnayoiona hapa, tena mara nyingi akiwa na mbuzi mabegani.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1955 hadi 1962, kisha akaenda shule ya ufundi wa mbao mjini Smolyan, alikohitimu Juni 1966. Cheti chake kipo, na mwanawe Kalin anaweza kuwaonyesha: hesabu, vizuri, useremala, vizuri sana, mwenendo, wastani. Huo wastani ulitokana na kiti cha mwalimu mkuu. Marehemu alitoboa mguu mmoja wa kiti hicho kwa siri, kwa kuwa alitaka kujua kama mti wa cheri uliokauka miaka thelathini hutoa sauti nzuri. Kiti kilianguka, na mwalimu mkuu akiwa juu yake. Marehemu alipoulizwa ana nini la kusema, alijibu kwamba mti ulikuwa mzuri sana. Mimi niliishia darasa la sita, lakini sijawahi kuangusha mwalimu.

Septemba 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha mbao cha bondeni, akakitumikia hadi kilipofungwa mwaka 1991. Hiyo ilikuwa ajira. Kazi yake ilikuwa gaida, ambayo alifundishwa na baba yake mdogo, akaifanya jioni kwanza, na baada ya kiwanda kufungwa akaifanya tangu asubuhi. Kila gaida aliyomaliza aliikatia alama ya kisu kwenye mlango wa karakana. Juzi nimezihesabu mara mbili: ni mia nne na kumi na mbili. Mbili zaidi ziko mezani, bado hazijaisha.

Wageni wa mjini, niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtamwelewa marehemu wala ugonjwa wake. Gaida ni ngozi ya mbuzi nzima, iliyovuliwa kama soksi bila kupasuliwa tumbo. Unapuliza kwa mrija, mfuko unajaa, unaubana kwa kiwiko, na hewa inatoka mbele kupitia mwanzi mdogo uliokatwa kwa kisu, ndio unaoimba. Ndani ya mrija wa kupulizia kuna kilimi, kipande cha ngozi laini chenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Unapopuliza, kinafunguka. Unapobana mfuko, kinajifunga, hewa isirudi mdomoni. Basi. Mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Moyo nao, kumbe, umetengenezwa hivyo hivyo, ila aliyeutengeneza hakukata alama mlangoni.

Nilikutana na marehemu mwaka 1969, nilipokuwa dereva wa lori la magogo. Nilimwagiza gaida, akanitengenezea. Baada ya mwezi mmoja ikaanza kunirudishia hewa mdomoni. Mimi si mtu wa kukimbilia fundi. Nilijua tatizo ni kilimi, nikakata kingine nikakibadilisha. Hewa ikarudi. Nikabadilisha tena, na tena. Mwisho nikampelekea, nikiwa na hasira.

"Nimebadilisha kilimi mara tatu," nikamwambia. "Kazi yako ina walakini."

"Vya zamani umevitupa?"

"Ninavyo mfukoni."

Akavipanga juu ya meza, akavikunja kimoja kimoja, akavitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Kipi kibovu hapa, bwana dereva?"

"Vyote. Ndiyo maana nimevitoa."

"Hakuna kibovu hata kimoja." Akachomoa mwanzi wa mbele, akaulamba, akautazama. "Huu umekula unyevu, umefunga. Mbele pamebana, na wewe unabana mfuko kama unamkaba mwizi. Hewa itaenda wapi? Inamsukuma kilimi wa watu na kurudi kwako. Unamwonea bure."

Akaukwangua mwanzi kwa kisu, mara tatu nne, akaurudisha. Hakugusa kilimi kabisa. Nikapuliza, nikabana, na hewa haikurudi hata chembe. Nikasema labda kilimi cha nne ndicho nilichokikata vizuri. Marehemu akachukua vile vitatu, akavichoma kwenye msumari juu ya meza yake ya kazi.

"Vitakaa hapa," akasema, "mpaka siku utakapokiri."

Sikukiri. Kwa hiyo vilikaa.

Niseme pia, ili nisimpunje: marehemu hakusema kwamba kilimi hakiharibiki. Kikichanika au kikikauka kama gome, alikitoa bila mjadala, hata kama mwanzi ni mzima. Alichokataa ni kukata kabla ya kutazama. Na alikataa kupima gaida ikiwa imelegea. Mfuko uliolegea hauvujishi chochote, alisema, kila fundi mbovu anaonekana hodari mbele ya mfuko uliolegea. Yeye aliujaza, akaziba mbele, akaubana kwa kiwiko hadi mishipa ya shingo ikamtoka, ndipo akaweka shavu kwenye mrija kusikiliza.

Baada ya hapo alikuja kwetu mara saba kuangalia kama gaida yangu inaendelea vizuri. Mara ya tano nikamwambia, "Bwana, gaida ni nzima."

"Naisikiliza kwa mbali," akajibu. Alikuwa jikoni kwetu, anakula patatnik ya viazi aliyoipika dada yangu, na mimi nilikuwa uani napiga gaida peke yangu kama mwehu. Walifunga ndoa tarehe 24 Oktoba 1971 katika kanisa hili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kalin mwaka 1973 na Sevda mwaka 1981. Katika miaka karibu hamsini na miwili ya ndoa sijawahi kusikia wakigombana, isipokuwa kuhusu ngozi mbichi zilizotundikwa karibu na nguo za dada yangu, na hapo nilikuwa upande wa dada yangu.

Ugonjwa ulianza majira ya baridi ya mwaka 2008. Marehemu alianza kusimama katikati ya njia ya kwenda karakana, akijifanya anatazama mandhari. Mimi nikamtania, "Shemeji, mandhari hiyo umeitazama miaka sitini, kuna nini kipya?" Akasema anahesabu miti. Januari, katika sherehe ya jina la jirani, yaani siku ya mtakatifu wake, alianguka katikati ya wimbo, gaida ikiwa bado inalia chini ya mkono wake. Daktari wa Smolyan alimwekea kifaa cha kusikilizia kifuani, akakiacha hapo muda mrefu kuliko kawaida, kisha akatuandikia barua ya kwenda Plovdiv.

Ilikuja wakati mbaya. Sevda alikuwa amechumbiwa, na harusi ilipangwa Jumamosi tarehe 19 Septemba 2009. Kwetu bibi harusi havuki kizingiti mpaka gaida ya nyumba yao ilie, na anayeipiga ni mkubwa wa nyumba. Nyumba isiyo na mpigaji huomba mtu wa nje, hakuna ubaya. Lakini nyumba ya fundi wa gaida kuomba mtu wa nje, hilo watu wangelizungumza hadi wajukuu. Kalin wakati huo alikuwa Hispania. Mtu wa nje angekuwa mimi. Sikatai kwamba ningepiga vizuri, pengine vizuri kuliko wote, lakini marehemu hakutaka kulisikia. Sevda akasema harusi isogezwe mwaka mwingine. Baba yake akamwambia, "Mwanangu, isogezwe kwenda wapi? Mimi nataka kukutoa kwa mlango huu, kwa pumzi yangu. Basi."

Machi niliwapeleka yeye na dada yangu Plovdiv kwa gari langu, saa tatu na nusu njiani bila kusimama, barabara ikiwa na barafu. Huko tulimpata Daktari Radosveta Mincheva, mpasuaji wa moyo, mama mfupi mwenye viatu vyeupe vya mpira na sauti ya chini. Alimpima Zapryan kwa ile mashine ya eko inayoonyesha moyo ukicheza kwenye kioo, kisha akatukalisha wote watatu ofisini.

Alituambia kuna mambo mawili. La kwanza halina mjadala: vali ya kutokea, anayoiita ya aota, ile ya vipande viwili, imekuwa ngumu kama jiwe, tundu limebaki jembamba, na bila kuibadilisha Zapryan hana miaka miwili. La pili ndilo gumu. Vali ya kuingilia upande huo huo wa moyo, anayoiita mitrali, nayo inavuja. Damu inarudi nyuma kuelekea mapafuni. Si kidogo sana, si nyingi sana. Kati na kati.

Hapo nikaingilia, maana mimi ndiye niliyekuwa nimeendesha gari. "Daktari, tengeneza zote mbili. Mimi ni dereva. Ukishafungua injini, unabadilisha kila kinachovuja, hufungui mara mbili."

"Na ukifungua injini, Bwana Stamen, inakusubiri juu ya meza wiki nzima," akasema. "Moyo haunisubiri. Ili nifanye kazi, lazima niusimamishe, mashine impigie damu na pumzi. Kila dakika ya ziada ina gharama, na misuli ya moyo wake imenenepa kwa kusukuma jiwe hilo miaka mingi. Vali mbili ni hatari kubwa kuliko moja."

"Basi fanya moja," akasema dada yangu.

"Nikifanya moja, na ile ya pili ikaendelea kuvuja, atabaki anahema. Pengine nitalazimika kumfungua tena baada ya miaka michache, akiwa mzee zaidi. Kwa hiyo sichagui kati ya jambo zuri na baya, mama. Ndiyo maana nimewakalisha."

Zapryan akasogeza kiti karibu na meza. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa vile vilimi vitatu. Alikuwa amevitoa kwenye msumari na kuja navyo Plovdiv bila kuniambia. Akavipanga juu ya meza ya daktari, kimoja kimoja, kama mwaka 1969.

"Daktari, kilimi chenyewe ni kibovu, au kinasukumwa tu?"

Mama yule akavitazama, akamtazama yeye. "Hivi ni vya nini?"

Marehemu akamwelezea gaida, mfuko, kiwiko na mwanzi uliofunga. Akamweleza na habari zangu, zote, bila kuacha hata neno. Dada yangu alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari. Mimi nilitazama dirishani.

"Mzee Zapryan," daktari akasema, "hilo ndilo swali lenyewe. Kama vipande vya vali vingekuwa vimechanika, au vimekakamaa, au kamba zake zimekatika, nisingekuuliza, ningeitengeneza siku hiyo hiyo. Lakini nimevitazama. Ni vyembamba, vinacheza vizuri. Ila chumba cha chini kinabana kwa nguvu mno kwa sababu mbele pamefunga, na ile pete inayovishika imevutika kidogo. Nikifungua mbele, msukumo utapungua. Mara nyingi mvujo wa namna hii nao hupungua. Mara nyingi, sijasema kila mara."

"Na utajuaje?"

"Nikishaweka vali mpya na moyo ukianza kupiga, kabla sijafunga kifua, tutautazama kwa kipimo kinachopita kooni. Ukiwa bado unavuja sana, nausimamisha tena na kuweka pete mpya."

Marehemu akainama mbele. "Utanipima nikiwa nimelala kwa dawa?"

"Ndiyo."

"Basi mfuko utakuwa umelegea, daktari. Mfuko uliolegea hauvujishi. Utaona pakavu, utafunga, nami nikifika nyumbani nikapanda kilima, hewa inarudi."

Daktari Mincheva aliweka kalamu chini. Alisema kwamba wanafunzi wake huchukua miaka kulielewa hilo. Ni kweli, dawa ya usingizi hulegeza presha ya damu, na mvujo huonekana mdogo kuliko ulivyo. Kwa hiyo kabla ya kuamua watampandisha presha kwa dawa, hadi ifike ya mtu anayetembea, ndipo watazame.

"Mnabana kiwiko," akasema Zapryan.

"Tunabana kiwiko, Mzee Zapryan."

"Bana sana," akasema, akachukua kalamu yake na kutia sahihi.

Walikubaliana pia vali yenyewe. Ya chuma hudumu zaidi, lakini ingemlazimu kunywa kila siku dawa ya kuzuia damu isigande, na mtu anayeshika kisu kutwa kucha, akijikata mara mbili kwa wiki, angemaliza damu karakanani. Akachagua ile inayotengenezwa kwa ngozi inayozunguka moyo wa ng'ombe. Daktari akamwonya kwamba hiyo huchakaa, baada ya miaka kumi, kumi na tano. Njiani kurudi nikamwambia, "Umechuna mbuzi maisha yako yote, shemeji, na sasa ng'ombe ndiye anakuokoa." Akasema afadhali ng'ombe kuliko dereva.

Upasuaji ulifanyika Jumatatu tarehe 11 Mei 2009. Walituambia utachukua saa nne. Dada yangu alifuma soksi. Mimi niliwaeleza watu wote waliokuwa kwenye benchi jinsi moyo unavyofanya kazi, na walifurahi kujua. Saa nne zikapita. Saa nne na nusu. Nikaacha kueleza. Nilijua maana ya kuchelewa: kilimi kimegoma, wameusimamisha moyo tena, wanashona. Saa tano zikatimia, na dada yangu akaniambia bila kuinua kichwa, "Stamen, mbona umenyamaza? Ukinyamaza wewe ndipo naogopa." Nikamwambia koo limekauka. Halikuwa limekauka.

Daktari Mincheva alitoka baada ya saa tano na robo, kofia yake imelowa jasho. Alikaa kwenye benchi, katikati yetu.

"Tumebana kiwiko mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza presha ilipanda kidogo tu, sikuridhika. Nikawaambia wasubiri, waipandishe vizuri. Ndicho kilichotuchelewesha. Mvujo umeshuka. Upo, lakini ni kidogo. Nimeiacha vali yake kama ilivyo."

"Hukuigusa?" nikauliza.

"Sikuigusa."

Dada yangu akaweka soksi usoni. Mimi nilitoka nje kuangalia gari, ambalo halikuwa na tatizo lolote, nikaliangalia muda mrefu.

Marehemu alipopata nguvu, daktari alimwomba kilimi kimoja, akakiweka juu ya meza yake ya kazi, na kwa kadiri ninavyojua kipo hadi leo. Viwili vikarudi kwenye msumari. Juni yote mfupa wa kifua uliunga polepole, na alikatazwa kunyanyua hata ndoo. Julai alitembea hadi chemchemi, Agosti hadi karakana bila kuhesabu miti. Kipimo cha mwisho wa Agosti kilionyesha mvujo ni chembe. Akaruhusiwa kupuliza, dakika tano, kisha kumi, dada yangu akiwa amesimama na saa mkononi kama mwamuzi wa mpira.

Tarehe 19 Septemba alimtoa Sevda. Mpango tulioufanya mimi na dada yangu ni kwamba nisimame nyuma yake na gaida yangu imejaa, akikosa pumzi nidakie, watu wasijue. Alisimama kizingitini, shati jeupe, kovu likionekana kidogo kwenye kola. Akabana. Sevda akavuka akiwa analia, kama inavyotakiwa. Wimbo ule una mizunguko mitatu. Marehemu alipofika mwisho wa mzunguko wa tatu aligeuka, akaniona nimebeba mfuko wangu kama mtoto wa mtu mwingine, akanikonyeza, akaanza mzunguko wa nne. Kisha wa tano. Waliokuwepo watakumbuka kwamba bibi harusi alikuwa ameshapanda gari, na mzee bado anapiga. Alinikomoa mbele ya kijiji kizima, na sijawahi kukomolewa vizuri namna ile.

Baada ya hapo Mungu alimpa miaka kumi na minne. Alitengeneza gaida mia na sita. Kalin alirudi kutoka Hispania mwaka 2012 akajifunza kazi. Kila Mei nilimpeleka Plovdiv kupima, akiwa na jibini ya kondoo kwa ajili ya daktari. Kila mara alitoka akasema neno moja, "Chembe," nasi tukaenda kula samaki. Mei 2022 alitoka akasema maneno matatu: "Mwanzi unaanza kufunga." Vali ya ng'ombe ilikuwa inachoka, kama alivyoonywa, na nyuma mvujo ulikuwa unaongezeka kidogo, kama alivyonieleza kuhusu mwanzi mwaka 1969. Hakuhuzunika. Alisema ngozi ile ilikuwa ya fundi mwaminifu, imedumu kipindi chake. Siku hizi wanaweza kuingiza vali mpya kupitia mshipa wa paja bila kupasua kifua, na alikubali, kwa sababu ya zile gaida mbili mezani. Alipangiwa mwezi ujao, Novemba.

Mapafu hayakusubiri. Jumamosi tarehe 7 Oktoba alipata homa, akapelekwa hospitali ya Smolyan. Jumapili alizungumza vizuri, akala supu ya maharage, akalalamika kwamba haina chumvi. Alimwambia Kalin, "Zile mbili uanze na mwanzi, kilimi baadaye." Kisha akanielekeza kidole, "Na huyu asiguse kitu." Alifariki Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2023, saa moja asubuhi, mkewe akiwa ameshika mkono wake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Ameacha mke, Rumena; watoto wawili, Kalin na Sevda; mkwe mmoja, Ognyan; wajukuu watatu, Velika, Manol na Desislav, ambaye leo ndiye atakayepiga gaida tutakapoushusha mwili, kwa sababu yeye ni wa nyumba hii na haombwi mtu wa nje. Ameacha dada mmoja, Gyurga. Ameacha alama mia nne na kumi na mbili mlangoni. Na ameacha shemeji mmoja.

Leo asubuhi nilikwenda karakanani, nikatoa vilimi viwili kwenye msumari. Bado ni laini. Kimoja nimekitia kwenye mfuko wa koti lake, upande wa kushoto. Kingine kiko kwangu. Na sasa niseme mbele ya padri, mbele ya dada yangu na mbele ya ninyi nyote, ili isemwe akiwa bado juu ya ardhi: vile vilimi havikuwa vibovu, Zapryan. Ulikuwa mwanzi. Nilijua siku ile ile.

Ardhi ya Slavetino imlaze kwa upole, na pumzi aliyotuazima, Mungu amrudishie.